Sumu Tumeiita Dawa: Utetezi wa Bakteria Mmoja wa Udongoni

Katika istilahi zetu za Kiswahili bakteria huitwa pia kijasumu, na zile dawa anazopewa mgonjwa wa nimonia hospitalini huitwa viuavijasumu. Litazame neno lenyewe. Kiumbe hajaulizwa anakaa wapi wala anafanya kazi gani, tayari amebebeshwa sumu ndani ya jina lake. Sasa nenda duka lolote la pembejeo, liwe la Bweyale, Masindi au Mbale, uombe kitu cha kupulizia mahindi. Muuzaji atakuuliza, "Unataka dawa gani?" Atakachokupa ni chupa yenye picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili. Hiyo ndiyo sumu hasa. Basi lugha tunayoisomea hapa chuoni imemwita kiumbe wa udongoni sumu, na sumu ikaiita dawa. Kosa hili si la kuchekea darasani. Watu wanaumia kwalo.

Bakteria ninayetaka kumtetea anaitwa Bacillus thuringiensis, au Bt kwa kifupi. Wengi wetu tumelisikia jina hilo mahali pamoja tu: katika midahalo ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba. Mada hiyo haichoki kurudi. Upande mmoja husimama na kusema kwamba wageni wametutilia sumu ya bakteria ndani ya posho. Upande wa pili hujibu kwamba wapinga sayansi wanataka Mwafrika afe njaa. Makofi yanapigwa, mshindi anapewa kamusi, sote tunakwenda kula posho. Katika kelele zote hizo sijamsikia mzungumzaji hata mmoja akieleza huyo Bt ni nani. Na hoja yangu ni hii: pande zote mbili zimemteka bakteria huyu, kila upande kwa faida yake, na wakati wanagombana, kazi ambayo angeweza kutufanyia leo, bila kusubiri sheria yoyote mpya na bila kugusa kinasaba cha mmea wowote, imelala.

Tuanze na mwenyewe. Bt ni bakteria mwenye umbo la kijiti. Anaishi udongoni, juu ya majani, katika vumbi la maghala ya nafaka na ndani ya mizoga ya wadudu. Hakutengenezwa na kampuni. Mwaka 1901 mtafiti wa Kijapani, Ishiwata Shigetane, alimkuta akiwaua viwavi wa hariri, ambao walikuwa riziki ya wafugaji wa huko. Miaka kumi baadaye, mwaka 1911, Mjerumani Ernst Berliner alimweleza upya baada ya kumkuta katika viwavi wa nondo wa unga waliotoka kwenye kinu cha jimbo la Thuringia, na ndiko lilikotoka jina lake. Kufikia 1938 Wafaransa walikuwa wakimuuza kwa wakulima kama kitu cha kupulizia mimea, kwa jina la Sporeine. Nawaomba wenzangu wa midahalo waikariri tarehe hiyo. Mwaka 1938 umbo la DNA lilikuwa bado halijajulikana na mtu yeyote, seuze kuhamisha jeni kutoka kiumbe hiki kwenda kile.

Kinachompa thamani ni tabia yake wakati wa dhiki. Chakula kikimwishia, hujifungia ndani ya spora, kitu kama mbegu yenye ganda gumu, ambayo huweza kulala udongoni muda mrefu ikingoja hali njema. Anapotengeneza spora hiyo, pembeni yake hutengeneza pia fuwele ndogo ya protini. Silaha ni hiyo fuwele. Kiwavi akila jani lenye spora na fuwele, fuwele hufika katika utumbo wake wa kati, ambao una alkali kali kuliko hata maji ya magadi tunayopikia maharage. Humo huyeyuka. Kisha vimeng'enya vya kiwavi mwenyewe huikata na kuiamsha, yaani mlaji anajipikia kifo chake kwa moto wake. Protini iliyoamshwa hushika vipokezi maalumu katika ukuta wa utumbo na kuutoboa matundu. Kiwavi huacha kula ndani ya muda mfupi, na baada ya siku mbili tatu amekufa, mwili wake umegeuka shamba la bakteria.

Itie sasa fuwele hiyohiyo tumboni mwa mtu, mbuzi au kuku. Tumbo letu lina asidi, halina alkali. Protini ile humeng'enywa kama protini nyingine tunazokula, na ukuta wa utumbo wetu hauna vile vipokezi vya kuishika. Kwa hiyo anaposimama mtu jukwaani akasema "sumu ya Bt" bila kutaja inamdhuru nani, hajasema uongo, lakini amesema nusu ya sentensi. Sumu kwa nani? Katika sarufi tunafundishwa kwamba kitenzi elekezi hudai yambwa. Neno sumu nalo lingepaswa kudai yambwa yake.

Wala silaha yenyewe si moja. Koo za Bt ni nyingi, na kila ukoo una fuwele zake zinazochagua adui. Uko ukoo unaoua viwavi wa nondo na vipepeo. Uko mwingine, uliopatikana Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, unaoua mbawakawa wa viazi. Mwaka 1976 katika jangwa la Negevi, kwenye dimbwi lililokuwa likikauka, ulipatikana ukoo unaoua viluwiluwi vya mbu, na wanasayansi Goldberg na Margalit wakauandikia mwaka uliofuata. Huo ndio unaoitwa Bti. Miaka michache baadaye Bti ilikuwa ikimwagwa katika mito ya Afrika Magharibi kupambana na inzi weusi wanaoeneza upofu wa mtoni, kwa sababu inzi wale walikuwa wameanza kuizoea kemikali iliyotumika kabla yake. Ziko protini za Bt zinazoshambulia minyoo, na watafiti wa Japani wamekuta nyingine zinazoua seli za saratani katika vyombo vya maabara. Huko sitafika. Ya maabara yabaki maabara hadi yatoke.

Najua nitajibiwa nini, maana kuna wenzetu wa kitivo cha sayansi watakaoisoma insha hii. Watasema: mbona huwatajii ndugu zake? Nawataja. Bt ni ndugu wa karibu sana wa Bacillus anthracis, anayeleta kimeta, ugonjwa ulioua viboko wengi katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth mwaka 2004. Ni ndugu pia wa Bacillus cereus, anayeharibu wali uliolazwa na kuwaendesha watu tumbo. Undugu huo ni wa kweli, na baadhi ya koo za Bt hubeba jeni za sumu ya tumbo kama za cereus. Ndiyo maana kiwanda kinachomzalisha kinapaswa kuchagua ukoo unaojulikana na kupima kila pipa, na ndiyo maana simshauri mtu kuchota udongo nyuma ya nyumba akapulizia mchicha. Lakini kumhukumu mtu kwa kaka yake ni desturi ya kijijini tunayoilaani kila siku. Bt amepuliziwa kwenye mboga za binadamu kwa zaidi ya miaka themanini. Ni kiuatilifu gani kingine chenye rekodi ya namna hiyo? Taja kimoja.

Tukitaka kujua sumu ni nini, twende shambani. Nimekulia wilaya ya Kiryandongo, kwenye mahindi. Mwaka 2016 kiwavijeshi vamizi, mgeni kutoka bara la Amerika, alionekana kwa mara ya kwanza Afrika, upande wa magharibi. Mwaka uliofuata alikuwa amefika kwetu Uganda. Anajificha katika moyo wa mhindi na kuutafuna kutoka ndani, ukija kumwona umeshachelewa. Watu walishikwa na hofu, na hofu ina duka lake. Shangazi yangu, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kupulizia mahindi kitu chochote, alinunua chupa mbili. Hakuwa na glavu, hakuwa na buti, alijifunga kanga mdomoni. Alipoona viwavi bado wapo, alizidisha kipimo, kwa sababu ile ni dawa, na dawa isipofanya kazi unaongeza. Jioni alikuwa anatokwa jasho na mate, mikono inatetemeka, macho hayaoni vizuri. Tukasema ni malaria.

Haikuwa malaria. Nyingi ya kemikali za bei nafuu zinazouzwa kwa kazi hiyo ni za jamii ya oganofosfati, na namna zinavyoua haina siri. Katika mishipa ya fahamu kuna kimeng'enya kinachozima ishara baada ya kupita. Oganofosfati hukifunga kimeng'enya hicho, ishara zinaendelea kupiga bila kuzimwa, misuli inatetemeka, tezi zinamwaga mate na jasho, na dozi ikizidi pumzi hukatika. Kiwavi ana kimeng'enya hicho. Mtu anacho pia. Nyuki anacho, kuku anacho, samaki wa Mto Nile anacho. Hapa hakuna ufunguo unaotafuta kufuli yake. Ni shoka linalovunja kila mlango. Na hicho ndicho kinachoitwa dawa.

Wala si Kiswahili peke yake. Waganda husema eddagala, na eddagala la kikohozi na eddagala la viwavi ni neno moja. Wanyarwanda wana umuti, nao huutumia kotekote. Simlaumu mkulima kwa hilo, wala sizilaumu lugha zetu; wazee walipokuwa wakiyaunda maneno haya hawakuwa na oganofosfati. Lawama yangu iko kwetu sisi tunaolipiwa karo ili tuishughulikie lugha.

Sasa nirudi kwenye ile vita ya mahindi, maana ndiko bakteria wetu alikofichwa. Nianze na wapinzani wa vinasaba, kwa sababu wengi wao ni marafiki zangu. Wanasema wanatetea kilimo hai. Vizuri. Uganda ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye wakulima wengi wa kilimo hai waliothibitishwa, na kanuni za kilimo hai za Ulaya na za Marekani zinaruhusu kupulizia Bt. Yaani mboga inaweza kupuliziwa bakteria huyu ikauzwa ng'ambo kwa lebo ya kilimo hai, kwa bei ya juu. Kisha watetezi hao hao wanapanda jukwaani na kuwaambia wanakijiji kwamba Bt ni sumu ya maabara itakayowafanya wagumba. Kama mna hoja dhidi ya hataza za mbegu, itoeni. Kama mna hoja kuhusu nani anamiliki chakula, nami niko pamoja nanyi. Lakini msiue jina la kiumbe ambaye ni silaha bora ya upande wenu. Mwanakijiji aliyeshaambiwa Bt ni sumu hatainunua hata ikiletwa kwa pakiti ya unga wa kawaida. Atarudi kwenye ile chupa ya fuvu, ambayo hakuna aliyemtisha nayo.

Upande wa pili nao hawaponi. Hawa wametuaminisha kwamba Bt na mbegu ya Bt ni kitu kimoja, na kwamba asiyeitaka mbegu anamkataa bakteria na sayansi yote. Hii ni hila. Bakteria alikuwepo kabla ya mbegu, na mbegu ilipatikana kwa kuchukua jeni moja ya fuwele na kuitia ndani ya mmea ili mmea wenyewe uitengeneze protini, kwenye kila jani, kila siku, kiwavi awepo asiwepo. Nakiri ni kazi ya ustadi. Nakiri pia kwamba mradi wa mahindi ya TELA, ambao Uganda imo, umepewa jeni hizo bila malipo ya hataza kwa ajili ya wakulima wadogo. Lakini ukimtumia mlinzi usiku na mchana bila kupumzika, wezi watamzoea. Afrika Kusini ilianza kupanda mahindi ya Bt mwaka 1998. Kufikia 2007 ilikuwa imeripotiwa kwamba viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi, wa aina ileile inayotutoboa sisi huku, wamejenga usugu. Burkina Faso ilianza pamba ya Bt mwaka 2008, na kufikia 2016 ilikuwa inaiacha, safari hii si kwa sababu ya wadudu bali nyuzi za pamba zilikuwa fupi na wanunuzi wakashusha bei. Mambo haya hayatajwi midahaloni. Silaha ya Bt ni hazina ya wote, na inaweza kufujwa.

Haki inanidai niseme kwamba hata kwa kupulizia inaweza kufujwa. Nondo wa kabichi alijenga usugu dhidi ya Bt ya kupuliziwa huko Hawaii, na hilo lilithibitishwa mwaka 1990. Tofauti ni kwamba Bt iliyopuliziwa huharibiwa na jua ndani ya siku chache. Udhaifu huo, ambao wauzaji wanausikitikia, ndio unaompa mdudu mapumziko asijifunze haraka.

Na hii sheria tunayoisubiri? Bunge letu liliipitisha Oktoba 2017, Rais akairudisha. Likaipitisha tena Novemba 2018 ikiwa na jina jipya, ikarudishwa tena. Kenya wao waliondoa marufuku yao ya GMO mwaka 2022, baada ya miaka kumi, na kesi zikafuata. Sina nafasi ya kuamua ugomvi huo hapa. Ninachosema ni kwamba bakteria wa kupulizia hahitaji sheria hiyo hata kidogo. Anaingia chini ya sheria ya kudhibiti kemikali za kilimo ya mwaka 2006, ileile iliyoruhusu chupa za shangazi yangu. Mlango uko wazi. Mashamba makubwa ya ukanda wetu yanayouza mboga na maua Ulaya yameshaupita zamani na viuatilifu vya kibayolojia, kwa sababu mnunuzi wa huko hupima mabaki ya kemikali. Mnunuzi wa soko la Bweyale hapimi kitu.

Sitamdanganya msomaji kwamba Bt ni muujiza. Kiwavijeshi vamizi ni mgumu: koo zinazouzwa sana kwa viwavi vya kabichi humwathiri kidogo kuliko viwavi wengine, na kuna ukoo mwingine, uitwao aizawai, unaomfaa zaidi. Lazima umpulizie akiwa bado mdogo, kabla hajazama katika moyo wa mhindi, na jioni, ili jua lisikutangulie. Haya yote yanahitaji mtu wa kumfundisha mkulima, na maofisa ugani hawatoshi. Lakini kwenye kabichi na sukumawiki, mboga ambazo watu huzipulizia leo na kuzipeleka sokoni kesho kutwa, kuendelea kutumia oganofosfati wakati Bt ipo ni jambo ambalo sijapata kusikia utetezi wake.

Tuje kwa mbu. Uganda ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa kabisa wa malaria duniani, na vita vyetu vyote tunavipigania ndani ya nyumba: chandarua, dawa ya ukutani, vidonge. Majirani zetu wamejaribu kumfuata mbu utotoni. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2006, wakazi waliofunzwa walizunguka mitaa kadhaa kila wiki wakitia bakteria katika madimbwi na mifereji, na maambukizi ya malaria yakapungua katika mitaa hiyo. Baadaye, kwa utaalamu wa Wakyuba, Tanzania ikajenga Kibaha kiwanda cha kuzalisha viuaviluwiluwi vya Bti na vya jamaa yake. Kiwanda kipo, bidhaa ipo, viluwiluwi wapo. Kilichokosekana ni mnunuzi. Rais Magufuli alipokitembelea Juni 2017 ilibidi aagize halmashauri zikachukue bidhaa hiyo. Hebu fikiria: bara linalozika watoto kwa malaria lina kiwanda cha bakteria muuaji wa mbu, na ni lazima amri itoke juu ili bidhaa itoke ghalani.

Shirika la Afya Duniani linashauri njia hii itumike kama nyongeza, mahali ambapo mazalia ya mbu ni machache, hayahami na yanapatikana kwa urahisi. Ni ushauri wa busara. Hakuna atakayeweza kupulizia mabwawa yote ya mafunjo ya Uganda. Lakini mashimo ya matofali pembezoni mwa Kampala, mifereji iliyoziba ya Bwaise, madimbwi ya machimbo ya mchanga, hayo nayo yamejificha wapi?

Wanaouliza fedha zitoke wapi nawaelekeza Masindi. Bt hukuzwa katika mapipa kama pombe, kwa chakula cha kawaida: sukari au molasi, na unga wa soya au wa jamii nyingine ya kunde. Kiwanda cha sukari cha Kinyara kiko mwendo mfupi kutoka kwetu, na molasi ni mabaki ya kila kiwanda cha sukari. Soya tunalima. Wanabiolojia wa kulea bakteria tunawahitimisha kila mwaka, kisha tunawaona wakiuza laini za simu. Sisemi kazi ni rahisi. Kupima ubora wa kila pipa ni kazi ya gharama. Nasema tu kwamba hakuna kiungo hata kimoja kinachohitaji meli.

Nimebakiza watu wetu, yaani sisi wa Kiswahili. Kuna mhadhiri mmoja, ninayemheshimu, aliyewahi kutuambia darasani kwamba mambo ya bakteria tuwaachie wenye darubini, sisi kazi yetu ni fasihi na sarufi. Kwa heshima zote, Mwalimu, nakataa. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa miaka mingi Mganda amekijua Kiswahili kama lugha ya askari na ya jambazi; sasa tunamwambia ni lugha yake. Atakitumia kwa nini? Bweyale, penye Wakongomani, Wasudani Kusini, Wakenya na sisi wenyeji, Kiswahili ndicho kinachouza na kununua. Mkulima pale hasomi lebo ya Kiingereza. Anamsikiliza muuzaji, na muuzaji ana neno moja tu: dawa. Tukimwachia mwenye darubini, mwenye darubini ataandika kwa Kiingereza, na muuzaji ataendelea kutafsiri kwa namna anayoijua.

Maneno yapo, tatizo hatuyatumii. Watanzania wana kiuatilifu, na wameliweka hata katika jina la mamlaka yao ya serikali. Ni neno lisilobembeleza: ndani yake kuna kuua. Lisemwe redioni, lifundishwe sekondari, liandikwe dukani. Neno dawa tuliache kwa mgonjwa. Kijasumu tulistaafishe, au tulibakize kwa bakteria wenye kuleta maradhi tu, na bakteria kwa jumla waitwe bakteria, jina ambalo halimtukani mtu. Na protini ya Bt tuiite fuwele ya Bt, tukiongeza kila mara inamuua nani: fuwele ya viwavi, fuwele ya mbu. Wataalamu wa istilahi watanirekebisha umbo, sina ubishi. Nabishana na ukimya.

Na ninalo ombi moja kwa idara, ambalo halina gharama. Katika kozi ya tafsiri tunapewa hotuba za viongozi na vifungu vya riwaya, muhula hadi muhula. Muhula ujao tupewe lebo za viuatilifu: kipimo, mavazi ya kujikinga, siku za kungoja kabla ya kuvuna, nini cha kufanya mtu akimeza. Tutafsiri, wenzetu wa kilimo wakague, karatasi zipelekwe kwenye maduka ya pembejeo zikabandikwe ukutani. Matini ya kuanzia si lazima tuitafute maktaba. Chupa zenyewe zimetupwa kando ya mashamba ya mahindi kuanzia Kigumba hadi Karuma, lebo bado zimeganda juu yake, na baadhi watoto wanazitumia kuchotea maji.